Sura ya Saba: Kosa Lililozaliwa Kiwandani

Chukua sarafu ya heller 20 iliyochapwa Tabora mwaka 1916, isogeze dirishani penye mwanga, usome neno HELLER. Ziangalie zile L mbili. Kwenye baadhi ya sarafu hizo ncha za L zote mbili zimechongoka. Kwenye nyingine zimejikunja. Zipo pia ambazo L ya pili peke yake ndiyo iliyojikunja. Igeuze: taji lililo upande wa pili ni kubwa kwenye sarafu hii, dogo kwenye ile. Nyingine zimechapwa zikiwa zimeegemea upande, herufi za ukingoni zimefifia hata hazisomeki vizuri. Na zote ni pesa za serikali moja, za thamani moja, za mwaka mmoja.

Chanzo chake ni vita. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, manowari za Uingereza zilizingira pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na sarafu zilizokuwa zikiletwa kutoka Ujerumani zikakatika. Askari walidai mishahara, wapagazi walidai ujira, na chakula cha jeshi kilinunuliwa vijijini. Noti zilichapwa humu humu nchini, lakini mwenye noti bado alihitaji chenji. Ndipo karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha pesa. Maganda ya risasi na makombora na mabaki mengine ya shaba yakayeyushwa, yakafanywa mabamba, yakakatwa, yakachapwa. Mihuri ya chuma ya kuchapia haikutoka Berlin; ilichongwa hapo hapo kwa mkono. Mmoja ulipopasuka au kuchakaa, fundi alichonga mwingine, na hakuna mtu anayeweza kuchonga L mbili zikafanana kabisa katika mihuri miwili tofauti.

Karakana hiyo hiyo ilichapa dhahabu. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke, huko Iramba katika Singida ya leo, ilifanywa sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Zilichapwa 16,198 tu. Nazo pia ziligawanyika: kwenye 9,803 nakshi iliyo chini ya neno OSTAFRIKA inaishia chini ya herufi T, na kwenye 6,395 inaishia chini ya herufi A. Mwanya wa herufi moja! Leo hakuna muuzaji makini anayeitangaza sarafu hiyo bila kusema ni ya T au ni ya A. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Kongo ya Kibelgiji liliingia Tabora, na uchapaji wa pesa ukawa umekwisha.

Wajuzi hutenganisha tofauti ya muhuri, kama hizi L za Tabora, na kosa lenyewe, pale mashine inapofanya jambo ambalo haikukusudiwa kulifanya. Mimi nimeanza na Tabora kwa makusudi, maana hakuna mahali katika nchi zetu ambapo mkono wa fundi unaonekana wazi hivyo juu ya pesa. Na kuuona mkono huo, au mashine hiyo, ndiyo kazi nzima ya mkusanyaji wa sarafu zenye kasoro. Swali lake la kwanza ni hili: kasoro hii iliingia lini? Ikiwa iliingia kabla sarafu haijatoka mashineni, kuna jambo la kuzungumza. Ikiwa iliingia baadaye, mfukoni, barabarani au kwenye karakana ya mtu, hiyo ni sarafu iliyoharibika, na thamani yake ni ile iliyoandikwa juu yake.

Ili kulijibu swali hilo lazima kujua sarafu inavyotengenezwa. Bamba refu la madini hupitishwa chini ya vyuma vya kukatia, vikatoa visahani vya duara, kama mama anavyokata maandazi kwa kikombe kwenye unga uliosukumwa. Bamba lisiposogea vya kutosha, kikato kinachofuata huangukia tundu la kikato kilichopita, na kisahani hutoka kikiwa kimemegwa kwa umbo la mwezi mchanga. Hilo ni kosa la kweli, na lina ushahidi wake: ukingo wa sarafu ulio mkabala na pale palipomegwa huwa umefifia, kwa sababu kisahani kilipokuwa kikiviringishwa kuinuliwa ukingo hakikupata msukumo upande huo. Anayemega sarafu kwa tupa nyumbani hawezi kuufifisha ukingo wa upande wa pili.

Kisahani kikishakamilika huwekwa kati ya mihuri miwili, ndani ya pete ya chuma inayokizuia kutanuka. Mihuri hugongana kwa tani nyingi za nguvu, na kwa kufumba na kufumbua pande zote mbili zimekwisha chapwa. Kisahani kikikaa pembeni, picha hukaa pembeni na sehemu ya madini hubaki tupu. Pete isipopanda, sarafu hutanuka ikawa pana na nyembamba. Sarafu iliyokwisha chapwa ikinasa kwenye muhuri wa juu, kisahani kinachofuata huchapwa na sarafu hiyo badala ya muhuri, kikatoka na picha ileile pande mbili: upande mmoja imeinuka sawasawa, upande wa pili imezama na kugeuka kama inayotazamwa kwenye kioo. Mashine za siku hizi huchapa mamia ya sarafu kwa dakika moja, na mwendeshaji akichelewa kuona, makosa huwa yamekwisha changanyika na sarafu nzima.

Kosa la muhuri wenyewe lina ladha yake, kwa kuwa hujirudia kwenye kila sarafu ambayo muhuri huo umeigusa. La kiwanda cha Philadelphia, Marekani, la mwaka 1955 ndilo maarufu kuliko yote, nalo linastahili kusimuliwa polepole. Muhuri wa kuchapia hutengenezwa kwa kushindiliwa na muhuri mama. Zamani mshindilio mmoja haukutosha, maana chuma hukazana kikishindiliwa. Ilibidi kitolewe, kichomwe kilainike, kirudishwe na kushindiliwa tena. Kila kiliporudishwa kilitakiwa kikae palepale kilipokuwa. Muhuri mmoja wa senti ya Lincoln haukukaa palepale. Ulizungushwa kidogo tu, ukashindiliwa, ukapelekwa mashineni, na usiku mmoja ukachapa senti zenye maandishi mawili mawili: LIBERTY juu ya LIBERTY, 1955 juu ya 1955.

Wakaguzi walipogundua, senti zipatazo 40,000 zilikuwa zimechapwa, na zaidi ya 20,000 kati yake zilikwisha mwagwa pamoja na mamilioni ya senti nzima za mashine nyingine. Kuzitenga kungemaanisha kuyeyusha shehena yote. Uamuzi ukawa ziende zilivyo. Nyingi ziliibukia mahali pasipotarajiwa: kwenye pakiti za sigara. Mashine za kuuzia sigara zilipokea robo dola, yaani senti 25, na pakiti iliuzwa senti 23. Kwa hiyo wasambazaji waliingiza senti mbili za chenji ndani ya nailoni ya pakiti. Wavutaji sigara wa Massachusetts na sehemu za New York wakaanza kuziona.

Sasa tazama ushahidi. Senti ya kweli ya kosa hilo imerudufika upande wa kichwa tu. Upande wa mashuke ya ngano ni safi, kwa sababu muhuri wa upande huo haukuwa na tatizo. Kila herufi iliyorudufika ni nene, ya duara, imeinuka kwa kimo kamili, na kwenye kona zake kuna mpasuko mdogo unaotenganisha herufi ya kwanza na ya pili. Senti hiyo, hata ikiwa imepita mikononi mwa watu, huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Lakini ipo senti nyingine ya mwaka huohuo ambayo tarakimu ya 5 ya mwisho inaonekana kama ina kivuli. Hiyo imetokana na muhuri uliochakaa, na bei yake ni ndogo sana. Mwaka mmoja, sura zinazokaribiana, na mtu asiyejua kuzitofautisha huuziwa ya pili kwa bei ya kwanza.

Kuna namna ya tatu ya kurudufika ambayo huwadanganya wengi zaidi. Muhuri ukilegea ndani ya mashine, hutikisika wakati wa kugonga na kuburuta ukingo wa herufi. Kinachoonekana ni ngazi bapa kando ya herufi, kama imekanyagwa, na herufi yenyewe imepungua badala ya kuongezeka. Sarafu za namna hiyo ni nyingi mno duniani na wakusanyaji hawazilipii.

Kosa la kisahani kuingia mahali pasipo pake limezaa bei za kutisha kuliko lile la 1955. Mwaka 1943 Marekani iliihitaji shaba kwa ajili ya vita, senti zikachapwa kwa chuma kilichopakwa zinki, zaidi ya bilioni moja. Visahani vichache vya shaba vya mwaka uliotangulia vilikuwa vimebaki kwenye vyombo vya kubebea. Vikapita mashineni pamoja na vya chuma, vikachapwa 1943. Mwaka 1947 mvulana wa miaka 16 wa Pittsfield, Massachusetts, aliipata moja kwenye chenji ya chakula cha shuleni. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba Henry Ford angempa gari mpya mwenye senti hiyo. Kampuni ikasema si kweli. Mvulana akaiandikia Wizara ya Fedha, akajibiwa kwamba senti za shaba hazikuchapwa mwaka huo. Aliitunza maisha yake yote hata hivyo. Mwezi Januari 2019, baada ya kufa kwake, iliuzwa mnadani kwa dola 204,000. Ya kiwanda cha Denver, ambayo ni moja tu inayojulikana, ilikuwa imeuzwa mwaka 2010 kwa dola milioni 1.7.

Nasisitiza sehemu moja ya kisa hicho: jibu la serikali lilikuwa na makosa, na chuma kilisema kweli. Uzito wa senti ya shaba ni gramu 3.11, wa senti ya chuma ni gramu 2.7. Mizani ya sonara yeyote wa Kariakoo au Biashara Street ingemaliza ubishi kwa dakika moja. Sumaku ingeutangulia mzani, maana senti ya chuma iliyopakwa rangi ya shaba na matapeli huvutwa na sumaku, ya shaba haivutwi. Matapeli wengine huchukua senti ya 1948 na kukwangua tarakimu ya 8 iwe 3. Hao nao hukamatwa na tarakimu yenyewe: 3 ya mwaka 1943 ina mkia mrefu unaoshuka chini ya mstari, na 8 haina mkia wa kuchonga.

Mihuri miwili isiyohusiana ikikutana, sarafu huwa chotara. Mwaka 2008 Uingereza ilibadilisha michoro ya sarafu zake, na kwenye peni 20 mwaka ukahamishwa kutoka upande wa nyuma kwenda upande wa malkia. Kwenye mashine fulani muhuri wa zamani wa malkia, usio na mwaka, ulioanishwa na muhuri mpya wa nyuma, usio na mwaka pia. Zikatoka peni 20 zisizo na mwaka popote, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwenye sarafu za Uingereza zinazotumika kwa zaidi ya miaka 300. Habari zilipotoka magazetini bei za maelfu ya pauni zilitajwa mitandaoni. Ilipofahamika kuwa si chache, bei ilishuka, na leo huuzwa kwa makumi ya pauni.

Chotara linalotuhusu sisi ni la mwaka 1936. Edward wa Nane alitawala Uingereza kuanzia Januari hadi Desemba mwaka huo, akaacha kiti kabla ya kutawazwa, na Waingereza wenyewe hawakupata kutumia sarafu yenye picha yake. Afrika Mashariki ilitumia sarafu zenye jina lake. Senti tano na senti kumi zetu za wakati ule zilikuwa na tundu katikati, kwa hiyo hazikuhitaji picha ya mfalme. Taji na jina vilitosha, na mihuri iliandaliwa mapema. Kiwanda cha Heaton cha Birmingham, kilichoweka herufi H kwenye kazi zake, kilichapa senti hizo pamoja na peni za Afrika Magharibi, zenye tundu pia na ukubwa unaokaribiana. Mahali fulani kwenye zamu fulani, muhuri wa senti kumi za Afrika Mashariki ulifungwa pamoja na muhuri wa peni ya Afrika Magharibi. Sarafu ikatoka ikiwa na pande mbili za bara moja, Mashariki upande mmoja na Magharibi upande wa pili. Mkusanyaji huilipia mara nyingi zaidi ya peni ya kawaida ya mwaka huo. Senti kumi za kawaida za Edward, kwa upande wake, bei yake ni ndogo. Historia yake ni nzuri lakini zilichapwa kwa mamilioni.

Uchache peke yake haupandishi bei. Lazima pawe na watu wanaoitafuta sarafu yenyewe. Senti ya Lincoln ina wakusanyaji wengi mno, na kila mmoja anataka ya 1955 ijaze nafasi iliyo tupu kwenye albamu yake. Sarafu ya Tanzania au Kenya iliyochapwa pembeni inaweza kuwa adimu kuliko hiyo, lakini wanunuzi wake ni wachache, hivyo huenda kwa bei ambayo Mmarekani asingeiamini. Kosa la kuchekesha nalo halitoshi. Chile ilichapa peso 50 za mwaka 2008 zilizoandikwa CHIIE badala ya CHILE, zikazunguka zaidi ya mwaka bila kugunduliwa, na mkuu wa kiwanda akapoteza kazi mwaka 2010. Sarafu zenyewe hazikumtajirisha mtu, kwa kuwa zilikuwa nyingi.

Kwa hiyo nawaonya wasomaji wangu juu ya wale wanaotangaza kwamba shilingi yenye picha ya rais fulani, ikiwa tu ni ya mwaka fulani, inanunuliwa kwa mamilioni, kisha wakaomba ada ya usajili kabla ya kuipokea. Mnunuzi wa kweli hadai ada. Hutazama sarafu, huipima, na hutoa pesa yake. Kwa makosa makubwa, sarafu hupelekwa kwenye kampuni za uthibitishaji kama PCGS, iliyoanza kazi mwaka 1986, au NGC ya mwaka 1987, ambazo huikagua, huipa daraja kati ya 1 na 70, na kuifungia kwenye kasha gumu la plastiki.

Kabla ya kufika huko, ukaguzi wa nyumbani huondoa sarafu nyingi sana. Sarafu zenye vichwa pande mbili karibu zote ni za wafanya mazingaombwe: sarafu mbili zimechongwa, moja ikaingizwa ndani ya nyingine, na mshono unaonekana kwa kioo cha kukuzia ndani ya ukingo. Idondoshe mezani, utasikia mlio mfu. Herufi zilizozama na kugeuka hutengenezwa pia kwa kubana sarafu mbili kwenye jiliwa. Hapo utaona picha ya awali bado ipo, imesagika chini ya ile iliyobanwa. Sarafu zetu nyingi za siku hizi ni chuma kilichopakwa nikeli au shaba, na mpako ukiliwa na jasho, chumvi au tope, sarafu hubadilika rangi na kutoka vipele. Watu huileta wakisema imechapwa kwa madini tofauti. Siyo. Imezeeka vibaya.

Na ukiipata ya kweli, usiing'arishe. Limau na majivu, vinavyorudisha uso wa sufuria ya shaba, huondoa juu ya sarafu ile ngozi nyembamba ambayo mjuzi huitumia kuthibitisha kwamba kosa ni la kiwandani. Nimeona heller ya Tabora iliyosuguliwa hadi L zake zikalainika, hata haikuwezekana tena kusema ni za ncha kali au za kujikunja. Aliyeisugua alitaka kuipendezesha kwa mnunuzi.

Andika pia ulikoipata: mji, mwezi, na kama ilitoka benki, sokoni au kwenye kibweta cha marehemu babu. Tunaijua safari ya senti za 1955 kwa sababu watu walisema walizikuta kwenye pakiti za sigara. Sarafu zetu za Afrika Mashariki zinahitaji watu wa kuzisemea hivyo, na kazi hiyo inaanza na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono na kuwekwa pamoja na sarafu. Sarafu iweke kwenye bahasha ya karatasi kavu. Usitumie mfuko wa plastiki laini, kwa kuwa aina nyingi za plastiki hiyo hutoa ute wa kijani unaokula shaba.